Mtaji wa woga: jina, kizibao na damu katika klabu za pikipiki za asilimia moja

Desemba 2018, katika mahakama ya shirikisho ya Santa Ana, California, raia walioitwa kuamua kesi ya jinai walipewa mshtakiwa asiye mtu. Mshtakiwa alikuwa Mongol Nation, klabu ya pikipiki, na tuhuma zilikuwa nzito: uhalifu wa kupangwa, na ndani yake mauaji, majaribio ya kuua na biashara ya dawa za kulevya. Klabu ilitiwa hatiani. Ila waendesha mashtaka hawakuwa wamehangaika miaka 10 kwa ajili ya faini. Walitaka nembo, ile picha ya mpiganaji wa Kimongolia mwenye miwani ya jua aliyekalia pikipiki, inayoshonwa mgongoni mwa kizibao cha kila mwanachama. Tangu 2008, wanachama na washirika wao 79 walipofunguliwa mashtaka baada ya askari kanzu kujipenyeza kati yao, serikali ilikuwa imetangaza nia yake waziwazi. Ilitaka imiliki nembo hiyo kisheria, ili polisi akimkuta mwanachama barabarani amsimamishe na kumvua kizibao pale pale.

Jaji David O. Carter alikataa. Februari 28, 2019 aliiacha hatia ilivyo, lakini akasema kuinyang'anya klabu alama ambayo wanachama wake hujitambulisha kwayo ni kuingilia uhuru wa kujieleza, tena ni adhabu iliyopita kiasi. Klabu ikatozwa faini ya dola 500,000. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa nayo ikalikataa ombi la serikali la kuchukua nembo.

Huwa nairudia kesi hii kichwani kwa sababu moja. Serikali na klabu zilipingana katika kila jambo, isipokuwa katika thamani ya kile kitambaa. Pande zote mbili zilijua kwamba mali kubwa ya Mongols si pikipiki zao, wala nyumba za klabu, wala fedha iliyo benki. Ni jina, na jina lile limejaa woga. Waswahili husema jina jema hung'aa gizani. Klabu hizi zimejenga maisha yao juu ya jina baya, na linang'aa mbali zaidi. Wanachama wenyewe hulalamika mara nyingi kwamba sifa mbaya ni mzigo waliotwishwa na magazeti na polisi. Ninavyoona mimi, sifa hiyo ndiyo mtaji wao. Magazeti na polisi walisaidia kuuchangisha, klabu zikaupokea na kuulinda kwa nguvu zote, na wanaolipa gharama yake mara nyingi ni watu wasio na kiraka mgongoni.

Jina lilianza Hollister. Julai 1947, mji huo mdogo wa California wenye watu kama 4,500 ulipokea waendesha pikipiki wapatao 4,000 waliokuja kwa mashindano ya sikukuu ya uhuru, mashindano yaliyoidhinishwa na Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani, AMA. Wageni walikunywa, wakakimbizana kwa pikipiki katika barabara kuu, wakalala kwenye nyasi za watu. Makumi walikamatwa, wengi kwa ulevi na fujo, na wengine wakaumia. Hakuna aliyeuawa. Baada ya wiki mbili hivi jarida la Life likachapisha, kwa ukurasa mzima, picha ya mwanamume aliyelewa akiwa juu ya pikipiki, na chini yake chupa za bia zimerundikana. Shahidi aliyekuwepo alisimulia baadaye kwamba chupa zile ziliokotwa na kupangwa kwa ajili ya picha. Iwe zilipangwa au la, nchi nzima ilikuwa imepata sura ya kuiogopa. Hollywood ilifuata mwaka 1953, ikampa sura hiyo mwigizaji Marlon Brando, na vijana waliotoka sinema walitaka kuvaa kama yeye.

Hata jina la asilimia moja lina asili ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba baada ya Hollister, AMA ilisema asilimia 99 ya waendesha pikipiki ni raia wema, na kwamba fujo ni za ile asilimia moja iliyobaki. Chama chenyewe kimesema hakina kumbukumbu ya kutoa kauli hiyo. Haikujalisha. Klabu zilizokataa kuwa chini ya AMA ziliichukua, zikaiandika 1% ndani ya alama ya almasi, zikaishona kifuani. Tusi ambalo huenda halikutamkwa likawa cheo. Na mwaka 1997, miaka 50 baada ya vurugu, Hollister yenyewe iliwaalika waendesha pikipiki waje kuadhimisha, maana wageni wenye vizibao huleta fedha hotelini na madukani.

Hells Angels walikuwa wameundwa mwaka 1948 upande wa Fontana na San Bernardino, na tawi la Oakland, lililoongozwa na Ralph "Sonny" Barger tangu 1957, ndilo lililokuja kuwa uso wa klabu. Mwaka 1965 Mwanasheria Mkuu wa California, Thomas Lynch, alitoa ripoti juu ya magenge ya pikipiki. Magazeti na majarida makubwa ya nchi yaliirukia. Kesi iliyochochea ripoti hiyo, tuhuma za ubakaji katika mkusanyiko wa Monterey mwaka 1964, ilikuwa imekwisha futwa. Sidai kwamba klabu ilionewa katika kila mstari, kwani watu wale walipiga watu na walijisifia kupiga. Ninachosema ni kwamba kikundi cha wanaume wachache wa California kiligeuzwa kuwa tishio la taifa kwa wino, na wao walipoona wanaogopwa kupita uwezo wao, walikua mpaka wakautosha woga ule.

Halafu ikaja Altamont. Desemba 6, 1969, katika tamasha la muziki lililohudhuriwa na mamia ya maelfu, Hells Angels waliwekwa kulinda jukwaa kwa malipo ya bia ya dola 500. Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18 aliyekuwa ametoa bastola, alichomwa kisu na mwanachama mmoja, kamera zikinasa. Mwaka 1971 mwanachama huyo aliachiwa kwa hoja ya kujitetea. Tangu siku ile tukio limesimuliwa kama mwisho wa ndoto za miaka ya 60, au kama hadithi ya wanamuziki, au ya klabu. Ni mara chache linasimuliwa kama hadithi ya Hunter. Sifa ya klabu ilimeza hata kifo chake.

Ukitaka kuona kwamba jina ni mali, tazama jinsi linavyolindwa. Hells Angels wana shirika lililosajiliwa linalomiliki jina na kile kichwa cha mauti chenye bawa. Mwaka 2006 waliishitaki Disney kwa sababu ya filamu, na mwaka 2010 wakaishitaki kampuni ya mitindo ya Alexander McQueen pamoja na wauzaji wake kwa kutumia picha inayofanana na nembo yao kwenye pete, nguo na mkoba. Watu waliojitangaza kwamba hawafuati sheria za jamii walikwenda kwa mawakili kama mwenye kiwanda chochote cha soda. Mashabiki wasio wanachama hawaruhusiwi kuvaa jina la klabu, hivyo huuziwa fulana zenye namba 81, herufi ya 8 na ya 1 za alfabeti, H na A. Anayevaa fulana ile anaazima woga kidogo, na anaulipia.

*

Ndani kukoje? Hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya klabu hizi huishia kwenye damu, na damu peke yake haielezi kwa nini mwanamume mwenye akili timamu, mara nyingi mwenye kazi na watoto, anatoa miaka ya maisha yake apewe kiraka.

Huingii kwa kuomba fomu. Kwanza unazoeleka, unaonekana, mtu mmoja wa ndani anakubali kukudhamini. Kisha unakuwa mwanagenzi. Unapewa kizibao chenye kipande tu cha maandishi, bila nembo ya katikati, na kwa mwaka mmoja au zaidi wewe ni mtu wa kutumwa. Utalinda pikipiki za wenzako usiku kucha kwenye baridi wao wakinywa ndani. Utapigiwa simu saa 9 za usiku ulete sigara, utasafisha baa ya klabu, utatukanwa na hutajibu. Mwisho wanachama wanapiga kura, na katika klabu nyingi kubwa kura moja ya hapana inatosha kukurudisha nyuma. Ukipita, unapewa vipande vitatu vya mgongoni: juu jina la klabu, katikati nembo, chini jina la eneo. Kizibao si mali yako. Ni cha klabu, na klabu inaweza kukidai wakati wowote.

Msomaji aliyekulia kwenye jamii zenye jando atakuwa amekwisha kuona mfanano: kutengwa, kudharauliwa, shida inayogawanwa, kisha kutoka na hadhi mpya. Mfanano upo na ndio unaoeleza nguvu ya jambo hili. Lakini jando lina siku ya kwisha. Mwali anatoka kumbini akiwa mtu mzima mbele ya kijiji chote, mbele ya wajomba na majirani na wanawake waliokuja kumpokea kwa vigelegele. Mwanagenzi wa klabu anatoka akiwa mtu mzima mbele ya wanaume 15 au 20 tu, na kadiri anavyopanda mbele yao ndivyo anavyopungua kwa mke, kwa watoto, kwa kazini. Kuna kikao cha kila wiki ambacho wao wenyewe hukiita kanisa, na kukikosa bila sababu ni kosa. Kuna ada ya kila mwezi, faini, misafara ya lazima, mazishi ya lazima, hata mazishi ya mtu usiyemjua katika jimbo jingine. Kuna rais, makamu, katibu, mweka hazina, msimamizi wa nidhamu, kiongozi wa msafara barabarani. Wanaume walioondoka kwenye jeshi au kiwandani wakisema wamechoka kuamrishwa wameingia mahali penye amri nyingi kuliko walikotoka. Barger alijiunga na jeshi akiwa na miaka 16 kwa cheti cha kuzaliwa kilichoghushiwa, akaondolewa ilipogundulika, na alichokijenga Oakland kilikuwa na cheo, sare na safu.

Wanawake hawawi wanachama. Katika klabu nyingi mwanamke wa mwanachama amevalishwa kiraka kilichoandikwa kwamba ni mali ya fulani au ya klabu. Nimesoma maelezo ya watetezi wanaosema ni alama ya ulinzi, kwamba hakuna atakayemgusa. Ulinzi dhidi ya nani, kama si dhidi ya wale wale walioko mle ndani? Siwezi kulikubali hilo hata kidogo.

Na kuna mipaka ya rangi, isiyoandikwa popote. Kwa miongo mingi Hells Angels wa Marekani hawakupokea weusi. Mongols waliundwa mwaka 1969 Montebello, mashariki ya Los Angeles, na Wamarekani wenye asili ya Meksiko ambao wasingepokewa na klabu za wazungu. Oakland, mji ule ule wa Barger, waendesha pikipiki weusi walikuwa wameanzisha East Bay Dragons mwaka 1959, klabu ya familia na majirani iliyojenga heshima yake mtaani bila kuhitaji vita. Dragons hawatajwi sana. Klabu isiyoua haina cha kuuza kwa magazeti.

Pamoja na hayo yote, udugu wenyewe si wa kuigiza, na mtu anayesema ni wa kuigiza hajaelewa kitu. Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka kwa adui. William Queen, askari kanzu wa idara ya shirikisho inayoshughulikia silaha na milipuko, aliishi ndani ya Mongols kwa zaidi ya miaka miwili mwishoni mwa miaka ya 90, akapita uanagenzi, akafika kuwa mweka hazina wa tawi. Ushahidi wake uliwapeleka wengi jela. Queen mwenyewe amesimulia kwamba mama yake alipofariki katikati ya kazi hiyo, wenzake wa ofisini hawakumpa pole. Waliomkumbatia, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia wanampenda, ni wanaume aliokuwa akiwaandalia hati za mashtaka. Alikuwa na miaka zaidi ya 20 kazini. Namwelewa kabisa anaposema siku ile ilimtikisa.

Mabibi na mabwana wanaopanga sera za kupambana na magenge wangeisoma habari hiyo ya msiba kabla ya takwimu yoyote. Mwanamume asiye na mtu wa kumpa pole atakwenda kunakotolewa pole, hata ikiwa bei yake ni kumvunja mtu mbavu wiki inayofuata.

Wazee wetu walikuwa na udugu wa kuchanjiana. Watu wa koo mbili tofauti walichanjana, wakala yamini, na kuanzia hapo mfanyabiashara angeweza kupita nchi ya mwenzake akalala salama. Udugu ule ulipanua idadi ya watu usioweza kuwadhuru. Udugu wa klabu unafanya kinyume: unapanua idadi ya watu unaolazimika kuwachukia, kwa sababu adui wa mmoja ni adui wa wote, na aliyempiga mwenzako huko Ohio amekupiga wewe uliyelala Arizona.

Udugu huo nao una ukomo. Machi 24, 1985, katika nyumba ya klabu ya Lennoxville, Quebec, nchini Kanada, Hells Angels wa matawi mengine waliwaita wenzao wa tawi la Laval mkutanoni na kuwapiga risasi watano. Kosa lao, kwa waliowaua, lilikuwa kutumia dawa za kulevya walizotakiwa kuziuza, na kula fedha. Miili ilitiwa ndani ya mifuko ya kulalia, ikafungiwa uzito na kutupwa mto Saint Lawrence. Waliouawa walikuwa na kiraka kile kile, wamepita uanagenzi ule ule. Hapo ndipo ninapopima maneno yote ya damu moja. Udugu ulidumu mpaka hesabu ilipokataa.

Anayetaka kuondoka kwa amani huhesabiwa ameondoka vizuri, na tarehe ya kuondoka huongezwa kwenye chale yake, yaani mchoro wa klabu aliochorwa mwilini. Anayefukuzwa huitwa aliyetoka kwa ubaya. Hazungumzwi naye, kizibao kinachukuliwa, na chale ya klabu hufutwa au hufunikwa, mara nyingine bila hiari yake. Marafiki wote aliokuwa nao ni wanachama, kwa hiyo siku moja inamchukulia marafiki wote.

*

Sasa turudi kwenye kitambaa, kwa kuwa watu wamekufa kwa sababu ya neno moja lililoshonwa.

Mwaka 1977 Mongols walianza kuvaa neno California sehemu ya chini ya mgongo. Hells Angels waliona neno hilo ni lao peke yao, na vita iliyofuata iliua na kulipua kwa miaka. Mwishowe Mongols walibaki na neno lao. Miaka 38 baadaye, jimbo jingine, hadithi ile ile: klabu ya Cossacks ilianza kuvaa neno Texas bila ridhaa ya Bandidos, klabu iliyoanzishwa Texas mwaka 1966 na iliyojiona mwenye nyumba. Mei 17, 2015, kwenye mgahawa wa Twin Peaks mjini Waco, ulipokuwa ufanyike mkutano wa waendesha pikipiki, ugomvi ulilipuka maegeshoni. Watu 9 walikufa na wengine kama 20 wakajeruhiwa. Polisi walikuwa wamekwisha jipanga nje, nao walipiga risasi. Vipimo vya risasi vilionyesha kuwa 4 kati ya waliokufa walipigwa kwa risasi za aina ya bunduki zilizobebwa na polisi.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua zaidi. Watu 177 walikamatwa. Kila mmoja aliwekewa dhamana ya dola milioni 1. Hati za kiapo zilizotumika kuwashikilia zilikuwa nakala moja, maneno yale yale kwa kila mtu, jina tu limebadilishwa. Walikuwemo waliopigana. Walikuwemo pia wanachama wa vilabu vidogo vya wapenda pikipiki waliokuja kwa mkutano wenyewe, waliojificha chini ya meza risasi zilipoanza, na ambao ushahidi mkubwa dhidi yao ulikuwa kizibao. Watu walipoteza kazi, wengine walipoteza nyumba. Ikaendeshwa kesi moja tu, na mwaka 2017 ikavunjika bila uamuzi. Aprili 2019 mashtaka yote yaliyokuwa yamebaki yakafutwa. Kwa vifo vya watu 9, mbele ya polisi na kamera, hakuna hata mtu mmoja aliyetiwa hatiani.

Hapo sifa ya klabu ilifanya kazi mara mbili. Iliwafanya wanaume wazima waue kwa ajili ya neno Texas, kisha ikawafanya wenye dola waamini kwamba kumwona mtu amevaa kizibao ni sawa na kumwona akiua. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: kuamini nguo kuliko tendo. Muuaji aliyekuwa maegeshoni siku ile aliokolewa na wingi wa wasio na hatia waliokamatwa pamoja naye, kwa kuwa aliyemshitaki kila mtu alishindwa kumthibitishia yeyote.

Wanaoniambia kwamba bila njia hizo za mkato klabu hizi hazigusiki, nawaonyesha mahali pawili. Mei 2018, San Antonio, Texas ile ile, rais wa kitaifa wa Bandidos na makamu wake walitiwa hatiani kwa uhalifu wa kupangwa, mauaji yakiwemo, baada ya miezi ya ushahidi na wanachama wa zamani kupanda kizimbani kueleza nani aliagiza nini. Wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha. Hakuna aliyehitaji kumshitaki mtu kwa alichovaa.

Pa pili ni Montreal. Vita kati ya Hells Angels wa Quebec na genge pinzani la Rock Machine, pamoja na washirika wao, vilianza mwaka 1994 vikigombea mitaa ya kuuzia kokeini, na mpaka vinatulia mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuwa vimeua watu zaidi ya 150. Kiongozi wa upande wa Hells Angels, Maurice "Mom" Boucher, aliagiza askari magereza wauawe ili kuitisha serikali. Wawili waliuawa mwaka 1997, Diane Lavigne na Pierre Rondeau. Septemba 2000 mwandishi wa habari za uhalifu Michel Auger alipigwa risasi 6 kwenye maegesho ya gazeti lake, akapona, akarudi kuandika. Mtu anaweza kudhani dola iliyosukumwa kiasi hicho ingekamata kila mwenye kizibao. Lakini kilichowamaliza Nomads, tawi la wakubwa la Boucher, ni daftari. Polisi waligundua nyumba za kupanga huko Montreal zilizotumika kama benki, fedha za kokeini zikiletwa kwa mabegi kuhesabiwa, na hesabu zikitunzwa kwenye kompyuta. Wakaweka kamera za siri, wakanakili mafaili, wakasubiri. Machi 28, 2001 walikamata zaidi ya watu 100 kwa siku moja. Mwaka uliofuata Boucher alifungwa maisha kwa mauaji ya wale askari magereza.

Boucher alifariki Julai 2022 akiwa bado mfungwa. Siku chache tu kabla yake alikuwa amefariki Barger, na Septemba mwaka huo maelfu walikusanyika uwanja wa mbio za magari wa Stockton, California, kumuaga. Mtangazaji maarufu wa televisheni, Tucker Carlson, alisimama kumsifu kama mtu huru. Nilipoona picha za umati ule nilitamani mtu mmoja asimame ataje majina ya upande wa pili. Hata jina moja lingetosha.

Ningemtaja Daniel Desrochers. Alikuwa na miaka 11. Agosti 9, 1995 alikuwa akicheza na rafiki yake mtaa wa Hochelaga-Maisonneuve, mashariki ya Montreal, mtaa wa wafanyakazi wenye kodi nafuu na shule karibu. Ng'ambo ya barabara bomu lililotegwa chini ya gari la muuza dawa lililipuka. Dereva alikufa papo hapo. Kipande cha chuma kikamwingia Daniel kichwani, na siku nne baadaye akafariki hospitalini. Hakujua Rock Machine ni akina nani wala kwa nini mtaa wake unagombewa. Mama yake, Josée-Anne Desrochers, mwanamke ambaye hakuwahi kushika cheo chochote, alianza kugonga milango ya wanasiasa na kusimama mbele ya kamera akidai sheria. Aprili 1997 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kwanza ya nchi hiyo iliyolenga magenge ya kihalifu. Yeye mwenyewe amekwisha kufariki. Kwa bomu lililomuua mwanawe hakuna aliyewahi kuhukumiwa.